Bi Kidude: Ajuza wa msondo ambaye kamera ilichelewa kumfikia

SHUKA matatu Kawangware wikendi yoyote, kisha ushike barabara ya Naivasha kwa miguu ukielekea Riruta Satellite. Hutafika mbali kabla hujakutana na kijana aliyeinua simu akirekodi kitu. Mara nyingi ni densi ya TikTok. Wakati mwingine ni rapa chipukizi amesimama mbele ya ukuta uliochorwa grafiti. Kibera nako ni hivyo hivyo. Kamera tunazo, tena nyingi kuliko wakati mwingine wowote.

Swali ni moja tu: tunamrekodi nani? Mzee anayepiga litungu nje ya kilabu cha pombe harekodiwi, maana watu wanamwona mlevi. Nyanya wa Kinubi kule Kibera anayezijua nyimbo za doluka huimba harusini hadi jasho limtoke, lakini simu zote zinamwelekea bibi harusi. Wasanii wa aina hii, ambao hawavai kama wengine, hawaongei kama wengine na hawaishi kama wengine, huachwa hadi siku ya mazishi. Hapo ndipo kila mtu huanza kuulizana nani alikuwa na video yake.

Leo tunakuletea maisha ya mwanamke ambaye nusura apotee hivyo hivyo. Aliimba kwa zaidi ya nusu karne kabla ya dunia kumjua. Alivuta sigara, akanywa pombe, akapiga ngoma ya wanawake mbele ya wanaume, na alipokuwa mkongwe wa kutembea polepole ndipo mtengenezaji filamu kutoka Uingereza alipomfuata na kamera. Jina lake halisi ni Fatuma binti Baraka. Wewe huenda unamjua kama Bi Kidude.

Mtoto mdogo kama kidude

Bi Kidude alizaliwa Mfagimaringo, kijiji cha kisiwani Unguja, katika familia ya kawaida kabisa. Baba yake, Baraka, alikuwa muuza nazi. Hakukuwa na cheti cha kuzaliwa wala daftari la hospitali, kwa hivyo mwaka wake hasa haukuandikwa popote. Makadirio mengi yanaupeleka mwanzoni mwa miaka ya 1910, wakati Zanzibar ilipokuwa chini ya sultani na Waingereza. Utumwa ulikuwa umepigwa marufuku kisiwani mwaka 1897, yaani kumbukumbu yake ilikuwa bado mbichi vichwani mwa watu wazima waliomlea.

Jina la Kidude lilikuwa la utani. Inasimuliwa kwamba alizaliwa mdogo sana, kitoto ambacho watu walikitazama wakashangaa, kijidude tu. Jina likashika. Kumbe kijidude hicho kingeishi kuwazika karibu wote waliokicheka.

Wakati huo muziki wa taarab ulikuwa wa mabwana. Ulikuwa umeingia ikulu ya sultani kutoka Misri katika karne ya 19, na kwa muda mrefu uliimbwa kwa Kiarabu, na wanaume, mbele ya watu wenye nafasi zao. Mtoto wa muuza nazi hakuwa na kiti kwenye karamu hizo.

Kisha akatokea Siti binti Saad. Huyu alizaliwa Fumba mnamo 1880, akauza vyungu, na mnamo 1911 akahamia mjini kutafuta maisha. Aliitoa taarab ikulu akaileta Ng'ambo, mtaa wa walalahoi, akaiimba kwa Kiswahili na kuzungumzia mambo yao: mapenzi, dhuluma, mahakimu wanaopendelea. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi sahani za santuri. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kujulikana kwa kurekodi muziki namna hiyo.

Kidude alikuwa mtoto alipoanza kumfuata Siti na kumsikiliza. Hakukuwa na shule ya muziki ya mtoto kama yeye. Alisikiliza, akakariri, akarudia. Nyimbo za Siti alizoziokota utotoni ndizo alizokuja kuimba hadi uzeeni, ukiwemo ule wa Kijiti. Wimbo huo unahusu kisa cha kweli cha mwanamke kutoka bara aliyetendewa unyama na kuuawa Unguja, huku waliotoa ushahidi wakiadhibiwa na mtuhumiwa akiponyoka. Ukiwasikiliza rapa wa mtaani wakiimba kuhusu polisi na korti, jua kwamba nyanya zetu walishafanya kazi hiyo karibu karne moja iliyopita.

Aliikimbia ndoa

Akiwa na umri wa karibu miaka 13, wazazi wakataka kumwoza. Kidude hakutaka. Akatoroka kisiwani, akavuka bahari hadi bara, Tanganyika ya wakati huo.

Hapa simulizi za maisha yake zinakuwa kama hekaya. Inaelezwa kwamba alizunguka na vikundi vya taarab katika miji ya pwani na kuingia ndani hadi maeneo ya maziwa makuu. Alijaribu ndoa nyingine, nayo ikamshinda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 akaondoka tena, safari hii akitembea peku masafa marefu. Alipotua Dar es Salaam aliimba kwa miaka mingi na kikundi cha taarab cha Wamisri.

Usisome hayo haraka. Msichana wa miaka hiyo, bila mume, bila mali, bila elimu ya shule, anaishi kwa koo lake. Leo msichana wa Kawangware akiwaambia wazazi kwamba anataka kuwa DJ, nyumba inawaka moto. Fikiria 1930.

Kulikuwa pia na suala la ushungi. Siti mwenyewe aliimba akiwa amejifunika uso, kwa sababu heshima ya mwanamke mjini ilipimwa hivyo. Bi Kidude anatajwa miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Zanzibar kuimba hadharani uso ukiwa wazi. Watu walimsema. Alikuwa Mwislamu katika jamii ya Kiislamu, na hakuwahi kuikana dini yake, lakini hakukubali kwamba adabu maana yake ni kunyamaza.

Msondo, hina na miti shamba

Katika miaka ya 1940 Bi Kidude alirudi Unguja, akapata kijumba cha udongo, akatulia. Watu wengi hudhani alikuwa nyota muda wote huo. La hasha. Kwa miaka mingi muziki peke yake haukumlisha, na alifanya kazi nyingi kama mtu yeyote wa mtaa wetu anayeunganisha vibarua.

Alitengeneza hina na wanja, akawapamba maharusi. Alijua miti shamba, na watu walimwendea kutafuta dawa. Zaidi ya yote, alikuwa kungwi: mwanamke anayewafunza wari, yaani wasichana waliobaleghe, mambo ya unyumba na ya utu uzima katika unyago.

Unyago ni jando la wasichana. Hufanyika faraghani, wanaume hawaingii, na mafunzo hutolewa kwa nyimbo, ngoma na uchezaji wa kiuno usio na mzaha. Asili yake ni bara, kwa watu waliofika Unguja kutoka pande za kusini, wengi wao kwa minyororo ya utumwa. Kwa hivyo ngoma hiyo ilibeba historia ambayo haikuandikwa kwenye kitabu chochote. Wari walifundishwa miili yao ni yao, mume ana wajibu gani, na mwanamke ana haki gani kitandani na nje ya kitanda. Ndoa ya kulazimishwa ilikuwa imemfukuza Bi Kidude nyumbani. Sasa yeye ndiye aliyewaandaa wengine waingie ndoani wakiwa na akili zao.

Chombo chake kilikuwa msondo, ngoma ndefu ambayo mpigaji huisimamia. Bi Kidude aliifunga kiunoni kwa kanga, akaipanda kama anayepanda farasi, akaipiga kwa viganja. Mwanamke mwembamba, mfupi, na ngoma inayokaribia kumzidi kimo. Aliyewahi kumwona hakusahau.

Hakubahatika kupata mtoto wa kumzaa. Lakini ukihesabu wari aliowacheza kwa miongo hiyo yote, Unguja ilijaa wanawake waliomwita mama.

Dunia inamgundua, yeye alikuwepo

Miaka ya 1980 ilileta mgeuko. Bi Kidude alijiunga na kikundi cha mwanamuziki Mohamed Ilyas, wakazuru Ulaya hadi Japani. Fikiria mtu aliyewahi kutembea peku Tanganyika sasa anapanda ndege kwenda Tokyo. Alikuwa tayari na umri ambao wengi wetu huku Nairobi tunatarajia kuwa tumerudi ushago kuchunga mbuzi.

Aliimba pia na Culture Musical Club, kundi kongwe la taarab la Zanzibar. Tamasha la filamu la ZIFF lilipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, na lile la Sauti za Busara mwaka 2004, yeye akawa uso wa Unguja. Wageni walikuja kisiwani na kuuliza mambo matatu: ufuo uko wapi, Ngome Kongwe iko wapi, na Bi Kidude anaimba lini.

Mwaka 2005, kwenye maonyesho makubwa ya muziki ya WOMEX nchini Uingereza, alipewa tuzo ya heshima ya mwaka huo. Mwaka 2007 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ikatoa albamu yake katika mfululizo wa Zanzibara. Rais Jakaya Kikwete naye alimtunuku nishani ya sanaa na michezo.

Vijana hawakuachwa nje. Kundi la Offside Trick, wasanii wa kizazi kipya wa Zanzibar, walimshirikisha kwenye wimbo wa Ahmada, na sauti ile ya mikwaruzo ikaingia madiskoni kwa watoto ambao hawakujua taarab ni nini. Wao walimwona ni bibi mkali wa kitaa. Hawakukosea.

Neno moja kuhusu hiyo sauti. Haikuwa nyororo. Ilikuwa nzito, kavu, yenye moshi ndani yake, na ilifika mwisho wa ukumbi bila kipaza sauti. Mwalimu wa kwaya angeikataa siku ya kwanza ya majaribio. Hiyo nayo ni sababu ya kumweka kwenye orodha ya wasanii wasiofuata mkondo: aliimba kwa sauti aliyokuwa nayo.

Kamera inabisha hodi

Hapo ndipo anapoingia Andy Jones, mtengenezaji filamu Mwingereza. Filamu yake, As Old as My Tongue, ilitoka mwaka 2006. Jina hilo linatokana na jinsi bibi huyo alivyojibu kila alipoulizwa umri: kwamba umri wake unalingana na ulimi wake. Kichwa cha pili cha filamu kinasema kwamba ni hekaya na maisha ya Bi Kidude, na hapo ndipo ujanja wa kazi ile ulipo. Jones hakujifanya anajua kila kitu. Mambo mengine kuhusu bibi huyu yana ushahidi, mengine ni masimulizi yaliyokuzwa kila yaliposimuliwa, na filamu inaviacha vyote viwili vikae pamoja.

Kamera inamfuata nyumbani kwake, jukwaani na safarini Ulaya. Hakupambwa. Anavuta sigara, anakunywa bia, anatania, anapiga msondo. Watengenezaji filamu wengi wakifika Afrika hutafuta ama masikini wa kuhurumiwa ama malaika wa kusifiwa. Bi Kidude hakuwa yeyote kati ya hao. Alikuwa mfanyakazi wa muziki mwenye ucheshi, hasira na uchovu wake. Na kabla hujasema tunasifia sigara, hapana. Tunachosema ni kwamba filamu ya maisha halisi ambayo ingezificha sigara zake ingekuwa ya mtu mwingine.

Mwaka huo huo wa 2006, huku kwetu Michael Wanguhu alitoa Hip Hop Colony, dokumentari kuhusu hip hop ya Kenya. Miaka miwili baadaye, Ketebul Music ya Tabu Osusa ikatoa Retracing the Benga Rhythm, ikiwatafuta wakongwe wa benga wakiwa bado hai. Kwa hivyo kazi hii ya kuwaweka wasanii kwenye filamu si ya Wazungu peke yao. Lakini angalia tarehe. Bi Kidude alianza kuimba miaka ya 1920. Filamu ikatoka 2006. Kati ya hapo kuna takriban miaka 80 ya kazi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo hatuna video yake hata ya dakika moja. Sauti yake ya ujana, miguu yake alipotembea peku, Wamisri aliopiga nao Dar, yote hayo tunayapata kwa kusimuliwa tu.

Mchezo wa neno moja

Sasa tufike mahali pagumu. Unyago ni siri ya wanawake. Bi Kidude aliutoa chumbani akaupandisha jukwaani, mbele ya wanaume, watalii na kamera. Je, aliuokoa ama aliuuza?

Wapo Wazanzibari waliochukia. Waliona jambo la faragha linageuzwa burudani ya wageni waliolipa tiketi. Wengine walisema kama si yeye, vijana wangeona unyago ni ushamba na ungekufa kimya. Ukweli ni kwamba aliyekuwa na haki ya kuamua ni yeye na wanawake wenzake waliokuwa wakiicheza ngoma hiyo, na kungwi anajua kipi cha kuonyesha na kipi cha kuacha nyuma ya pazia. Mwenye kamera hana haki ya kuinua pazia hilo kwa sababu tu picha itakuwa kali.

Halafu kuna pesa. Bi Kidude aliimba kwenye majukwaa makubwa ya dunia, lakini maisha yake Unguja yalibaki ya kawaida sana. Kila mtu aliyekuja kumwona aliondoka na kitu: picha, wimbo, hadithi, sifa. Yeye alikuwa mtu wa kugawa, na alichopata kilipita mikononi kikaenda kwa jamaa na majirani.

Mwaka 2012 mambo yakachacha. Habari zilienea kwamba Bi Kidude amechukuliwa kutoka nyumbani kwake na haonekani. Ilikuja kujulikana kwamba alikuwa kwa jamaa yake, aliyedai kwamba bibi amechoka, ni mgonjwa, na watu wa muziki wanamtumia tu. Wenzake wa muziki nao walisema jukwaa ndilo lililokuwa likimpa uhai. Kila upande ulidai kumlinda. Ajuza mwenyewe alikuwa katikati kama kamba ya kuvutana.

Andy Jones alirudi Unguja na kamera kufuatilia kisa hicho, na filamu ya pili ikatoka 2015 kwa jina I Shot Bi Kidude. Ni jina lenye utani mkali, kwa sababu kitenzi hicho cha Kiingereza kinamaanisha kupiga risasi na pia kupiga picha ya filamu. Mtu anaweza kuuliza: nilipomwelekezea kamera, nilimsaidia ama nilimjeruhi? Mtengenezaji filamu anayejiuliza hivyo hadharani anastahili heshima. Wengi hupakia video, hesabu ya watazamaji ikapanda, basi, wakalala.

Bi Kidude hakuiona filamu hiyo ya pili. Alifariki Aprili 17, 2013, Bububu, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Alizikwa siku iliyofuata, na umati mkubwa ulijitokeza, wakiwemo viongozi wa serikali. Wale wale waliokuwa wakimsema kwa sigara na ngoma zake walisimama kwenye foleni kumsindikiza. Ndivyo dunia ilivyo.

Kazi iko Satellite

Bi Kidude alikuwa na bahati. Aliishi muda mrefu wa kutosha hadi kamera ikamfikia. Wengi hawafiki.

Tuangalie mitaa yetu. Wanubi wa Kibera ni kizazi cha wanajeshi wa Kisudani waliopewa ardhi hapo mwanzoni mwa karne ya 20 baada ya kutumikia jeshi la King's African Rifles. Nyimbo za doluka wanazoimba wanawake wao kwa ngoma zina Kinubi ambacho baadhi ya wajukuu hawakielewi vizuri. Kawangware imejaa watu wa magharibi mwa Kenya, na ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Kwa haraka, mazee. Si kesho. Wanaojua kuipiga kwa mpango wake wa zamani wako ndani ya matatu unayopanda asubuhi.

Huhitaji kungoja mfadhili. Kibera imekuwa na shule ya filamu ya vijana wa mtaa. Lakini kabla hujabonyeza kitufe, kumbuka aliyopitia Bi Kidude.

Kwanza, nenda bila kamera. Kaa, kunywa chai, sikiliza. Mara ya tatu ndipo uulize kama unaweza kurekodi, na useme wazi video itaenda wapi. Akikataa wimbo mmoja usirekodiwe, usirekodiwe.

Pili, mrekodi akifanya kazi zake zote. Bi Kidude alikuwa mwimbaji, lakini pia alikuwa fundi hina, mganga na mwalimu. Kama mpiga litungu wako ni bawabu usiku, nenda langoni usiku. Hapo ndipo utajua kwa nini anapiga anavyopiga.

Tatu, zungumzieni pesa mapema, na muandike. Kenya ina sheria ya hakimiliki inayotambua haki za mwimbaji na mpigaji ala, na tangu 2016 kuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni za jamii. Video ikileta hata shilingi elfu mbili, mwenye ngoma ajue sehemu yake ni ngapi. Mkataba wa karatasi moja unaoeleweka na pande zote mbili unazuia uhasama wa kesho, hasa na jamaa ambao hujitokeza mzee akishachoka.

Nne, usimsafishe. Kama anakunywa, kama ana mdomo mchafu, kama amegombana na kanisa ama msikiti, huyo ndiye yeye. Kazi yako si kumpeleka mbinguni.

Na mwisho, hifadhi nakala zaidi ya moja, na mpe mwenyewe moja. Simu huibiwa Kawangware kila siku, na miaka 80 ya mtu haifai kupotea na simu moja kwenye dirisha la matatu.

Fatuma binti Baraka alianza kusikiliza nyimbo akiwa mtoto asiye na chochote ila masikio. Nyimbo za Siti zilifika kwetu kwa sababu kuna mtoto aliyezishika wakati watu wazima walikuwa na mambo yao. Wewe una masikio, na juu yake una simu. Jumamosi hii, ukisikia ngoma nyuma ya nyumba za mabati pale Satellite, usipite.